Utii wa Spika

Kuna mafaili madogo ambayo wapiga gitaa wa siku hizi hununua, hupakua bure na kubadilishana, na kila moja hupewa jina la boksi la spika. Ukilifungua mojawapo kwa programu ya kawaida ya kusikilizia muziki, utasikia "tak" fupi, kama mtu aliyegonga meza kwa ukucha, kisha kimya. Faili la kawaida lina sampuli 2,048. Kwa kasi ya sampuli 48,000 kwa sekunde, hizo ni takribani milisekunde 43, muda usiotosha hata kupepesa jicho. Humo ndani, tunaambiwa, kuna boksi zima la mbao lenye spika nne za inchi 12, pamoja na maikrofoni iliyosimamishwa mbele yake.

Wahandisi huliita faili hilo IR, herufi mbili za Kiingereza zinazosimamia mwitikio wa pigo. Ni jibu la boksi kwa swali fupi kuliko yote: ukipigwa mara moja tu, utalia vipi? Kompyuta ikishalijua jibu hilo, inaweza kukisia boksi lingejibu nini kwa muziki wowote, maana muziki uliokwisha kugeuzwa namba ni msururu wa mapigo madogo yanayofuatana. Kila pigo huamsha mwitikio uleule, mdogo au mkubwa kulingana na nguvu yake, na miitikio yote hujumlishwa. Ukifanya hesabu hiyo moja kwa moja kwa sampuli 2,048, unapata kuzidisha mara milioni 98 hivi kwa kila sekunde ya gitaa. Kompyuta zina njia ya mkato, kwa hiyo hata simu ya kawaida inaimudu.

Mimi nasoma fasihi, na mazoea ya fani yangu ni kuuliza maswali matatu mbele ya kila andiko: nani anasema, amesimama wapi, na ameacha nini. Nimekuwa nikiyauliza mbele ya mafaili haya kwa sababu nayatumia karibu kila siku, na kwa sababu yanatoa dai lilelile linalotolewa na wasifu, tawasifu na kumbukumbu za safari: kwamba kilichomo kilitokea kweli. Dai la namna hiyo linastahili uhakiki. Hoja yangu ni kwamba IR huhifadhi kwa uaminifu mkubwa utii wa spika, yaani tabia yake ya kujibu vilevile kila inapoulizwa vilevile, na hutupa ukaidi wake. Kwa muziki mwingi hasara hiyo ni ndogo. Kwa muziki mwingine, na hasa kwa vyombo vilivyochakaa vya huku kwetu, kilichotupwa ndicho kilichokuwa na thamani.

*

Tuanze na kazi ya boksi. Asiyepiga gitaa anaweza kudhani spika ni mlango tu: sauti huingia upande mmoja ikatoka upande wa pili bila kubadilika. Kwa spika nzuri ya kusikilizia muziki nyumbani, hilo ndilo lengo. Spika ya gitaa ni kiumbe kingine. Koni yake ya karatasi haiwezi kutikisika upesi kiasi cha kutoa masafa ya juu. Kuanzia karibu hezi 5,000 mlio wake huporomoka, ilhali sikio la kijana husikia hadi karibu hezi 20,000. Sasa chukua amplifaya iliyokolezwa mpaka ikaanza kukwaruza. Inatoa makali mengi sana juu ya mstari huo. Ukiyasikia bila kupitia spika ya gitaa, ni kama nyuki waliofungiwa kwenye kopo la maziwa ya unga. Spika inayashindwa makali hayo, na kushindwa kwake ndiko kunakomfanya gitaa asikike kama gitaa.

Ndiyo maana programu zinazoiga amplifaya huhitaji pia kuiga boksi. Unaweza kuiga vali na saketi zote kwa ustadi. Bila boksi mwishoni, mlio hauvumiliki. Wapiga gitaa wengi walioonja programu hizi wanakubaliana juu ya jambo moja: kubadilisha IR hubadilisha mlio kuliko kubadilisha amplifaya. Nusu ya sauti tuliyozoea kuisifia amplifaya ilikuwa ya mbao, karatasi na mahali ilipowekwa maikrofoni.

Namna ya kuipata IR ni rahisi kushangaza. Zamani mtu angeweza kupiga kofi ukumbini, au kupasua puto, akarekodi jinsi ukumbi unavyojibu. Kwa boksi la spika, pigo moja halina nguvu ya kutosha kulishinda kelele la chumba, kwa hiyo siku hizi hutumika mlio mmoja mwembamba unaopanda taratibu, kuanzia mvumo wa chini kabisa mpaka mluzi wa juu kabisa, kwa muda wa sekunde kama kumi. Mlio huo hupelekwa kwenye boksi kupitia amplifaya, maikrofoni hunasa kinachotoka, na kompyuta hulinganisha kilichoingia na kilichotoka. Tofauti kati ya hivyo viwili hukunjwa ikawa ile "tak" ya milisekunde 43.

Aliyeipa njia hii sura yake inayotumika sana leo ni Angelo Farina, mhandisi wa sauti wa Chuo Kikuu cha Parma, Italia, katika makala aliyoiwasilisha mwaka 2000. Nitarudi kwake, kwa sababu makala ile ilikuwa na zawadi mbili, na wapiga gitaa wengi wamechukua moja.

*

Kwanza swali la pili: mnasaji amesimama wapi?

Maikrofoni iliyozoeleka zaidi mbele ya boksi la gitaa ni Shure SM57, iliyotoka mwaka 1965 na inayotengenezwa hadi leo. Ielekeze katikati ya koni, kwenye kile kifuniko cha mviringo, utapata mlio mkali unaochoma. Isogeze sentimita tatu au nne kuelekea ukingoni, mlio unatulia na kuwa mnene. Isukume karibu kabisa na kitambaa cha boksi, besi inaongezeka. Weka ya pili nyuma yake kwa sentimita kumi, halafu changanya zote mbili: sauti itaifikia ile ya nyuma ikiwa imechelewa kwa karibu theluthi moja ya milisekunde, na masafa ya jirani na hezi 1,700 yatafutana. Hapo ndipo penye utamkaji wa gitaa, pale ambapo noti husikika kama imesemwa na mtu. Sentimita kumi tu zinaweza kuziba kinywa hicho.

Nilifanya jaribio dogo. Nilirekodi kipande kimoja cha gitaa moja kwa moja kutoka kwenye waya, bila spika, kisha nikakipitisha kwenye mafaili kumi na mawili ya boksi moja, yote kutoka kwenye mkusanyiko mmoja. Boksi lilelile, spika ileile, siku ileile. Nilipowapa wenzangu watatu wasikilize bila kuwaambia, walidhani ni maboksi manne au matano tofauti, na mmoja alisisitiza kwamba faili la tano ni gitaa jingine kabisa. Sikushangaa sana. Boksi halina mlio mmoja unaongoja kunaswa. Lina wingu la milio mbele yake, na maikrofoni huchagua nukta moja ndani ya wingu hilo.

Kwa hiyo kila IR ina mwandishi. Kuna mtu aliyepiga magoti mbele ya boksi, akasogeza maikrofoni, akasikiliza, akasema: hapa. Mikusanyiko bora hukiri uandishi huo. Majina ya mafaili yake huwa marefu na yenye adabu: spika gani, maikrofoni gani, umbali gani, katikati au ukingoni. Ukisoma jina unajua umesimama wapi. Mikusanyiko mibovu huandika jina la boksi tu, pamoja na sifa kama "halisi" au "nene", na kumficha mtu aliyepiga magoti. Mhakiki wa fasihi anaufahamu ujanja huo. Ni ule wa msimulizi asiyeonekana, anayetaka tuamini kwamba dunia imejisimulia yenyewe.

Hili si jambo la kuwalaumu wahandisi. Wao wanajua. Wanaosahau ni sisi wanunuzi, tunapobishana usiku kucha kuhusu mlio wa boksi fulani huku kila mmoja wetu akiwa amesikia nukta moja ya mtu mwingine.

*

Sasa turudi kwa Farina na zawadi yake ya pili.

Spika ya kweli si mtumishi mwaminifu. Ukiisukuma kwa nguvu, koni hujikunja, waya wa sumaku hupata joto na kupunguza mlio, karatasi hulia masafa ambayo hayakuwemo katika kile ulichoipa. Ukiipa hezi 100, inakurudishia 100 pamoja na kiasi cha 200, 300 na kuendelea. Katika njia ya Farina, mlio unapanda muda wote. Mlio ukiwa kwenye hezi 100, spika iliyosukumwa inatoa pia 200, wakati zamu ya 200 bado haijafika. Kompyuta, ikipanga kila masafa mahali pa zamu yake, inaiona ile 200 kama sauti iliyowahi. Matokeo yake ni kwamba ukaidi wote wa spika hujikusanya kwenye skrini mbele ya pigo kuu, kama vilima vidogo vinavyoutangulia mlima. Utii uko upande mmoja, ukaidi upande wa pili, na kati yao kuna nafasi safi.

Farina alikusudia vyote viwili vipimwe. Jina la makala yake linautaja mkwaruzo wazi. Lakini anayetengeneza IR kwa ajili ya gitaa hukata kabla tu ya pigo kuu, akachukua mlima na kuviacha vilima. Hana budi, kwa sababu ile hesabu ya kuzidisha na kujumlisha haiwezi kuvitumia. Hesabu hiyo inadhani kwamba ukipiga kwa nguvu maradufu, jibu litakuwa lilelile, maradufu. Spika itakayofanya hivyo kwa kila kiwango cha nguvu bado haijatengenezwa.

Mwaka jana niliomba ruhusa ya kupima boksi la kwaya moja. Lilitengenezwa na fundi seremala miaka mingi iliyopita, likatiwa spika moja ya inchi 12, na koni yake ilishawahi kuchanika ikabandikwa kipande cha karatasi kwa gundi. Mpiga solo wao, mzee aliyelitumia tangu likiwa jipya, akigusa uzi mnene kwa nguvu, boksi hutoa mkoromo mfupi mwanzoni mwa noti. Hutoka pale tu anapotaka. Anaposindikiza sala hapigi hivyo; mapambio yakichanganya, anaukoromesha kila baada ya kituo, na waimbaji wa sauti ya nne huingia juu ya mkoromo huo kana kwamba wameitwa.

Nilipima, nikavikata vilima kama inavyopasa, nikampa mzee hedifoni na gitaa lililounganishwa na kompyuta. Alipiga kwa dakika kama mbili. Alijaribu uzi mnene mara tatu, kila mara kwa nguvu zaidi.

"Mwanangu, hili boksi la nani?"

"Ni la kwenu, mzee. Ndilo lile pale."

"La kwetu lina kikohozi. Hili limepona."

Sijasoma uhakiki wa teknolojia hii unaoipita sentensi hiyo. Faili langu lilikuwa sahihi kwa vipimo vyote. Rangi ya mlio ilikuwa ndiyo yenyewe, na mzee mwenyewe alikubali kwamba nyuzi nyembamba zilisikika kama za boksi lake. Kilichokosekana ni chombo kubadilika kinapobanwa, na yeye alikuwa amejenga mtindo wake wa kupiga juu ya badiliko hilo.

*

Mtu anaweza kusema kwamba koni iliyobandikwa ni ajali, na kwamba ajali za kwaya moja hazitoshi kujengea hoja. Lakini historia ya gitaa la umeme imejaa ajali za namna hiyo, na nyingine zilifanywa kwa makusudi.

Wimbo "Rocket 88" wa mwaka 1951, uliorekodiwa Memphis na bendi ya Ike Turner, hutajwa mara kwa mara miongoni mwa vyanzo vya roki. Gitaa lake linakwaruza kwa sababu amplifaya ilikuwa imeharibika njiani, na inasimuliwa kwamba spika ilitiwa karatasi ndani ili iendelee kufanya kazi. Mwaka 1958 Link Wray alitoa "Rumble", kipande kisicho na maneno hata moja. Inasimuliwa kwamba alitoboa spika kwa penseli ili kupata mlio aliokuwa anautafuta. Mwaka 1964 Dave Davies wa The Kinks, kijana wa miaka kumi na saba, alichana kwa wembe koni ya amplifaya ndogo ya Elpico, na mlio huo ndio uliobeba "You Really Got Me".

Jiulize IR ya spika ya Davies ingekuwaje. Ungepata faili linaloonyesha kwamba spika hiyo hupunguza masafa fulani na kuongeza mengine. Ungepata umbo la mlio. Mchano wenyewe, karatasi mbili zinazogongana kila noti inapozidi nguvu, ungebaki upande wa vilima. Faili hilo lingetunzwa kwenye maktaba kwa jina la spika maarufu kuliko zote zilizowahi kuchanwa, bila mchano.

*

Haki inataka niseme pia upande wa pili, maana mimi ni mnufaika. Naishi chumba cha kupanga, na kati yangu na jirani kuna unene wa tofali moja. Boksi la spika nne lina uzito wa zaidi ya kilo 30 na linahitaji kupigwa kwa nguvu ndipo liseme vizuri. Siwezi kulinunua, siwezi kulibeba kwenye daladala, na nikilipata siwezi kulipiga saa nne usiku. Faili la milisekunde 43 linanipa saa nne ya usiku. Kwa kizazi chetu, kinachorekodi vyumbani kwa kompyuta ya kuazima, hilo si jambo dogo, na mhakiki anayelidharau huenda hajawahi kuwa na jirani.

Tena, spika yenye uwezo mkubwa ikipigwa kwa kiasi hutii sana. Kwa mlio safi, au mlio ambao ukwaruzaji wake wote unatoka kwenye amplifaya, IR nzuri na boksi la kweli lililorekodiwa kwa maikrofoni ileile ni vigumu kuzitenganisha. Programu mpya nazo zinajaribu kuiga ukaidi. Neural Amp Modeler, inayotolewa bure, huifundisha mashine kwa kuisikilizisha kilichoingia na kilichotoka, na inaweza kujifunza mkwaruzo ambao hesabu ya IR haiwezi kuubeba. Hata hivyo desturi iliyoenea ni kuitumia kwa amplifaya, halafu boksi likawekwa kwa IR ya kawaida. Boksi limebaki kuwa kiungo kinachodhaniwa kuwa kitiifu.

Na hapo ndipo swali la tatu, la nini kimeachwa, linapotoka kwenye hesabu na kuingia kwenye historia. Fungua mkusanyiko wowote mkubwa, utakutana na majina yaleyale: Celestion Greenback, Vintage 30, ile Blue ya Vox AC30, spika za Jensen ndani ya Fender, maboksi ya Marshall. Celestion, kampuni ya Uingereza iliyoanza mwaka 1924, ilianza mwaka 2017 kuuza yenyewe IR za spika zake. Majina haya yana haki ya kuwepo, kwa sababu yamebeba nyimbo nyingi. Lakini orodha inayorudiwa hugeuka kuwa msahafu. Kijana anayejifunza leo hukuta milio ya London na California ikimngoja kwa mamia ya nukta, hujifunza kuisikia kama milio ya gitaa lenyewe, na kila mlio mwingine huusikia kama kasoro.

Muziki wa dansi wa Tanzania haumo katika orodha hiyo, na sababu moja iko katika historia ya vyombo vyenyewe. Bendi nyingi kubwa baada ya uhuru zilimilikiwa na taasisi: NUTA Jazz, iliyoanza mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Vijana Jazz ilikuwa chini ya umoja wa vijana wa chama tawala, Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, ikawa ya shirika la maendeleo la jiji, DDC. Magitaa, amplifaya na maboksi vilikuwa mali ya mwajiri. Mwanamuziki akihama bendi, na walihama sana, mkono uliondoka na boksi likabaki. Michael Enoch, aliyejulikana tangu Dar es Salaam Jazz, alipokuja kuipa Mlimani Park sura yake, alichokuja nacho ni masikio na vidole. Hakukuwa na boksi la mtu binafsi la kuwekwa makumbusho, la kupewa jina, la kupimwa miaka arobaini baadaye kwa heshima ya mwenyewe.

Kilichobaki ni rekodi, hasa zile za Radio Tanzania Dar es Salaam. Msomaji anaweza kuuliza: si tuchukue rekodi hizo tukamue humo mlio wa maboksi? Haiwezekani, na sababu yake ni ya kihesabu. Ili kupata IR lazima ujue kilichoingia na kilichotoka. Rekodi ya Mbaraka Mwinshehe inakupa kilichotoka tu, kikiwa kimechanganyika na chumba, utepe na bendi nzima. Kilichoingia, yaani mkondo mwembamba uliotoka kwenye nyuzi zake kabla ya kuigusa spika, kilipotea papo hapo. Unaweza kukisia, unaweza kuiga kwa sikio, lakini kupima huwezi. Boksi lisilopimwa likiwa hai halipimiki tena.

*

Maboksi hai bado yapo. Yako makanisani, kwenye kumbi za baa, kwenye stoo za shule, mengine ya kiwandani na mengine ya seremala, koni zikiwa zimebandikwa mara mbili au tatu. Vifaa vya kuyapima vimekuwa rahisi: kompyuta, maikrofoni moja ya kawaida, kifaa kidogo cha kurekodia, na mlio wa sekunde kumi. Kwa hiyo swali lililobaki ni la uandishi: tukiyapima, tuyaandike vipi?

Pendekezo langu linatokana na kikohozi cha boksi la kwaya. Anayepima asihifadhi ile "tak" peke yake. Ahifadhi rekodi nzima ya mlio unaopanda, bila kukata, na airudie kwa nguvu tatu: chini, kati, na ile nguvu ambayo mwenye boksi huitumia siku ya shughuli. Ndani ya rekodi hizo ukaidi wote umo. Programu za leo hazijui kuutumia kwa urahisi. Za kesho huenda zikajua, na zikifika zikute malighafi badala ya mabaki yaliyosafishwa. Sekunde thelathini za sauti hazijazi hata kona ya simu.

Kisha aandike jina la faili kama anayetoa ushahidi: boksi la nani, lilitengenezwa na nani kama anajulikana, koni iko katika hali gani, maikrofoni ilikuwa wapi kwa sentimita, chumba gani, mwaka gani, na nani alipiga magoti. Na kama kuna mtu aliyelipiga boksi hilo miaka mingi, apewe gitaa apige dakika mbili, waya mmoja ukirekodi kinachoingia na maikrofoni ikirekodi kinachotoka. Hiyo ndiyo jozi tuliyoikosa kwa Mbaraka. Humo mhandisi atapata vyote anavyovihitaji, na msikilizaji atasikia mkono na spika zikibishana.

Rekodi za boksi la kwaya nimezihifadhi hivyo, na nakala wanayo wenyewe. Faili lake lina jina refu lisilopendeza, linaloishia na maneno "koni imebandikwa, hukoroma kwenye uzi wa sita". Mzee alisoma jina hilo kwenye skrini, akaomba niongeze neno moja: "ikipenda".